Spishi za Walipa Kodi ya Majengo Dodoma: Uainishaji wa Awali

Wataalamu wamekwisha kuainisha mende na kumbikumbi, ila mlipa kodi ya majengo wa Dodoma wamemruka. Makala haya yanaziba pengo hilo.

Spishi iliyoenea zaidi, kuanzia Nkuhungu hadi Chang'ombe, ni Mpangaji Mlipaji. Tangu Agosti 2021 kodi hii hukatwa kwenye umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Mpangaji hununua umeme wa LUKU wa 5,000, hupokea tarakimu ishirini na uniti za kuhurumiwa. Nyumba si yake, kodi ni yake. Serikali ilimshauri amalizane na mwenye nyumba, jambo ambalo sayansi bado haijalishuhudia.

Mwenye Nyumba huonekana siku ya kodi ya pango tu, hivyo tunamwacha.

Spishi adimu ni Mzazi wa Mengineyo. Kikao cha shule kikikaribia kufungwa, husimama, husalimia meza kuu, kisha: "Mwalimu, hii kodi ya LUKU si ingetununulia madawati?"

Tusimcheke, maana kwingine hufanyika hivyo. Marekani sehemu kubwa ya kodi ya nyumba hubaki kwenye shule za eneo husika, hivyo mtaa wa matajiri mara nyingi hupata shule ya kitajiri. Wazazi wa Texas walilipinga hilo hadi Mahakama ya Juu ya nchi yao, wakashindwa mwaka 1973. Kwetu kodi hii ilikuwa ya halmashauri mpaka Mamlaka ya Mapato (TRA) ilipokabidhiwa kuikusanya mwaka 2016. Haibaki kwenye shule za mtaa. Shule ya msingi hupata ruzuku kwa idadi ya vichwa: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikija kama vitabu. Ghorofa la Area D linakatwa 7,500 kila mwezi kwa kila sakafu, wala shule jirani haiongezewi chaki kwa sababu hiyo. Lakini pia mtoto wa wilayani Bahi anayelala kwenye tembe lisilo na mita hapunguziwi ruzuku. Kwa maoni yangu, hilo la pili lina uzito zaidi kuliko la kwanza, japo 10,000 ni kidogo mno kwa watoto wa pande zote mbili.

Mwalimu Mkuu, spishi yenye ngozi ngumu, hujibu: "Mzazi, hoja yako tumeipokea." Kisha husoma ajenda iliyobaki: mchango wa mahindi, maharage na posho ya mpishi. Hapo spishi zote huonyesha tabia moja, nayo ni kupekua simu.