Barua ya Wazi kwa Wapima Mapenzi wa London

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, upande wa viza.

Kwanza, pongezi. Serikali nyingi hupima mali za watu. Ninyi mmethubutu kupima mapenzi yao, tena kwa karatasi. Mtanzania au Mkenya anayetaka kukaa miezi sita na mwenzake huko Leeds huomba viza ya mgeni, na kanuni zenu zinamtaka amridhishe afisa kwamba atarudi kwao muda ukiisha, wala hatageuza ziara za mfululizo kuwa makazi. Ufundi wenu uko hapo. Asipoleta ushahidi wa uhusiano, ziara haina sababu. Akiuleta, picha na jumbe za usiku wa manane, kajitia kitanzi mwenyewe: mtu anayependa kiasi hicho arudi Morogoro kufanya nini? Yampasa apende kiasi cha kukata tiketi ya kwenda, ila asipende hadi akaisahau ya kurudi.

Ili kukipata kipimo hicho, afisa hutazama kinachomvuta mwombaji nyumbani: ajira, kiwanja chenye hati, familia. Nimeifuata mantiki hiyo hadi inapoishia, na naomba kusahihishwa. Kijana asiye na mke wala mtoto, anayekwenda kumwona mchumba wake wa pekee, kamba yake ya nyumbani ni nyembamba. Mwanamume mwenye mke Kisumu, watoto wanne na ng'ombe wa maziwa, anayekwenda kumwona hawara Manchester, kamba zake hazikatiki, mgongeeni mhuri. Fedha nazo zina fumbo lake. Zikiwa chache benki, hatajimudu. Zikiingia nyingi kwa mkupuo, ni za kuazima. Muuza mitumba ambaye faida yake huzunguka kati ya mzigo, kikoba na simu hana hata karatasi ya kuithibitisha mbele yenu, ingawa kodi ya fremu yake huenda hailali siku moja.

Mtasema wapo waliokwenda kutembea wakapotelea huko. Wapo, na kila mwenye nyumba ana haki ya kuwa na mlango. Lakini ukaguzi wa wanaotoka nchini mliufuta mwaka 1998, mkaurejesha Aprili 2015. Kwa takriban miaka 17 mliwashuku watu kwa kosa la kutoondoka, na mlangoni hapakuwa na wa kuhesabu wanaoondoka. Hata leo hesabu ina upande mmoja: aliyepewa viza akabaki huonekana kuwa kosa la afisa, ila aliyenyimwa hawezi kamwe kuthibitisha kwamba angerudi, kwa kuwa hakwenda. Afisa anayekataa hana siku ya kuumbuka. Juni 2013 mliwaondolea hata wanaotembelea jamaa zao haki kamili ya kukata rufaa. Dawa iliyobaki kwa wengi ni kuomba upya na kulipa upya. Ada hiyo, iliyopandishwa Aprili 2025 hadi pauni 127, hairudi mwombaji akikataliwa. Sijui mfanyabiashara mwingine ambaye hulipwa sawasawa auze asiuze.

Mtasema tena: kama wanapendana kweli, waombe viza ya wenza. Kwa viza hiyo, tangu Aprili 2024 kipato kinachotakiwa kwa kawaida ni pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600. Wasiofunga ndoa waonyeshe uhusiano unaofanana na ndoa wa miaka miwili au zaidi, na mchumba awe anakwenda kufunga ndoa ndani ya miezi sita. Sasa hao wawili, ambao bado wanatazamana kama wataelewana ndani ya nyumba moja, waingilie wapi? Mlango wa ziara umefungwa kwa kuwa wanapendana mno, wa ndoa kwa kuwa hawajapendana vya kutosha. Huku kwetu mshenga hutangulia, wazee wakaulizia ukoo, ndipo posa ikapokelewa. Ninyi mnadai posa kwanza, kuchunguzana baadaye. Na Mwingereza anayemfuata mpenzi wake Dar es Salaam hulipa dola 50, akapata hadi siku 90. Hakuna anayemuuliza ana ng'ombe wangapi Leeds, ingawa fukwe za Nungwi zimemsahaulisha zaidi ya mmoja tiketi ya kurudi.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Moyo muuache, ulizeni yanayojulikana. Mwenyeji anaishi wapi? Chakula ni cha nani? Mwombaji amewahi kusafiri akarudi? Anayekwenda mara ya kwanza apewe wiki chache, akirudi aongezewe, na aliyekataliwa apate mtu mwingine, asiye wa idara yenu, wa kusoma faili lake. Kama hilo haliwezekani, basi tangazeni kipimo chenyewe, ili watu wajue wapunguze mapenzi kwa kiasi gani kabla ya kwenda kuweka alama za vidole.

Na kama kuna ada ya kusoma barua hii, mkiikataa, naomba irudishwe.