Uyoga Juu ya Mwembe

Mwembe mzee ukiota uyoga tawini, uani huzuka madaktari. Mmoja anataka ukwanguliwe kwa kisu, mwingine kaja na kopo la oili chafu kutoka gereji, wa tatu anaulizia saruji ya kuzibia tundu. Wote wanautibu uyoga, na uyoga hauumwi. Una afya kuliko sisi sote. Ugonjwa ni kuvu iliyokwisha kukaa ndani ya tawi siku nyingi ikila kiini chake, na lile bamba gumu la kahawia lililochomoza kwenye gome ni tunda lake tu, limetoka kutawanya mbegu. Kulikwangua ni sawa na kuchuma embe ukadhani umeng'oa mwembe.

Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo, alionyesha miaka ya 1970 kwamba jeraha la mti haliponi kama letu. Mti hujenga kuta ndani kwa ndani, ukaufungia uozo humo, kisha ukaendelea kunenepa kwa nje. Sasa fundi anayechokonoa tundu hadi aone mti mweupe ndiye anayezibomoa kuta hizo. Saruji yake nayo haipindi upepo unapovuma, basi pembeni hufanya ufa na maji huingia. Oili na rangi hufunika unyevu, na unyevu ndio starehe ya kuvu.

Watasema mwembe wa fulani ulipakwa oili na bado unazaa. Unazaa, naam; hata mlevi hufika kwake. Tawi lililooza dawa yake ni kukatwa: kwanza likatwe kidogo kwa chini ili gome lisichanike, halafu msumeno upite nje kidogo ya ule uvimbe wa shingoni, pale tawi linapoungana na shina, pasibaki kigutu wala shina lisichongwe bapa. Kidonda kiachwe wazi. Uyoga ukiwa chini kwenye mizizi, hilo ni jambo jingine, mti mzima unaweza kulala.

Na wale wanaosema mti wa babu haukatwi? Babu aliupanda apate embe na kivuli cha kulalia mchana, hakukusudia kuwarithisha wajukuu kesi ya tawi lililoangukia bati la jirani. Mwite mkata miti leo, kabla jirani hajamwita mjumbe.