Huyo Ndege ni wa Nani?

Jana asubuhi nilikalishwa chini kando ya barabara huko Lavington, Nairobi, mikono juu ya magoti kama nilivyoamriwa, darubini yangu ikiwa mkononi mwa soja wa geti aliyekuwa akiitazamia upande usio wake. Vumbi la suruali litafuliwa. Kisichofulika ni kwamba matatu ya Kawangware ilikwama kwenye foleni mbele yangu hasa, na dirishani alikuwa ameketi mama mmoja ninayeimba naye kwaya. Akanitazama. Nikatabasamu. Hakutabasamu. Kabla ya saa sita, kundi la WhatsApp la kwaya lilikuwa limeshapokea ombi: tumkumbuke ndugu yetu katika sala, yuko mikononi mwa vyombo vya usalama.

Chanzo cha yote haya ni kwarara.

Kwarara unamjua, hata kama hamjawahi kutambulishwa. Ndiye anayewaamsha watu wa Kileleshwa, Lavington na Uthiru alfajiri kwa makelele ambayo mgeni akiyasikia mara ya kwanza hudhani kuna jirani aliyevamiwa. Mwili wake ni wa kijivu, bawa lina mng'aro wa kijani jua likimpiga, na mdomo wake mrefu umepinda kuelekea chini. Kutwa anatembea kwenye nyasi za watu akichomeka mdomo ardhini na kuuchomoa, kuchomeka na kuchomoa, kama cherehani. Ukimwona utasema anabahatisha tu, kwamba akidona mara nyingi hakosi siku moja kumpata mnyoo mwenye mkosi.

Lakini huyu ndege hana habari na bahati. Mfupa wa ncha ya mdomo wake umejaa vishimo vidogo vidogo, na ndani ya vishimo hivyo mna miisho ya neva inayohisi mtikisiko. Mdomo ukishaingia ardhini, kwarara hahitaji kumwona mnyoo wala kumgusa. Mnyoo akijikunja tu kule gizani, mtikisiko wake unasafiri udongoni mpaka kwenye mfupa, na habari imefika. Tena udongo wenye unyevu humsaidia kuliko udongo mkavu, ndiyo maana utamkuta kwenye bustani iliyomwagiliwa vizuri. Katika mji ambao wengi wetu tunapangiwa siku ya maji ya mfereji, kwarara anajua bila kuuliza ni nyumba gani haijapangiwa.

Na si yeye peke yake mwenye kipaji hicho. Kiwi wa New Zealand anacho, na wale ndege wadogo wa ufukweni wanaotobolatobola matope bahari ikitoka wanacho pia. La ajabu zaidi ni mbuni. Mbuni hachomeki mdomo popote, yeye ni wa kuchuma majani, lakini ukiuchunguza mfupa wa mdomo wake utavikuta vishimo vivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa 2020 uliwalinganisha ndege wa leo na mifupa ya kale ya jamaa za mbuni, ukaonyesha kwamba kifaa hiki ni cha tangu zama za dinosaria. Mbuni alirithi tu, na hajapata kukitumia. Nenda pale Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ukamtazame akitembea kwa majivuno: mdomoni amebeba urithi wa mababu ambao hajui hata ni wa kazi gani.

Sasa niambie, mtu akishajua hayo, atapitaje kwarara bila kusimama?

Nikasimama. Ua ulikuwa wa kayaba, ile miiba mirefu inayotoboa gurudumu la baiskeli, lakini palikuwa na mwanya wa kutosha jicho moja. Kwarara alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Akachomeka mdomo mpaka karibu na macho, akatulia kidogo, akauzungusha, kisha akavuta taratibu. Kikatoka kitu cheupe, kinene, kinachopinga kwa nguvu zake zote. Akakirusha nyuma kwa mtikiso mmoja wa kichwa, kikateremka. Nilitaka kupiga makofi.

"Boss, unachungulia nini kwa wenyewe?"

"Naangalia ndege."

Soja akachungulia na yeye. Kwarara akaendelea na shughuli zake.

"Huyo ndege ni wa nani?"

"Si wa mtu."

"Yuko kwa kiwanja cha nani?"

"Cha tajiri wako, nadhani."

"Basi ni wa mdosi. Keti chini."

Kama hoja ile ingesimama mahakamani, mawakili wataamua. Kando ya barabara ilisimama, na mimi nikakaa. Soja akampigia mkubwa wake simu, akaeleza kuwa amemshika mtu na mashine ya kuonea mbali, na kwamba mtu mwenyewe hana gari. Hilo la gari alilirudia.

Tukiwa tunangoja jibu, akapita mama wa Kizungu, viatu vya kutembelea, kofia pana, darubini kubwa mara mbili ya yangu. Akasimama kwenye mwanya uleule, akainama vilevile nilivyoinama. Soja akampigia saluti. Mama akamwambia kwarara ni ndege wazuri sana. Soja akakubali kuwa kweli ni wazuri sana. Mama alipoondoka, nikamkumbusha soja kwamba hata yeye hana gari. Akaniambia nisilete siasa.

Simlaumu soja. Analipwa kidogo, na siku bomba la bustani likipotea wa kwanza kushukiwa ni yeye. Lakini ile kayaba ina historia. Zama za ukoloni mitaa hii ilikuwa ya Wazungu, na mwanamume Mwafrika aliyeonekana huku alidaiwa kipande, kile alichokivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Swali lilikuwa moja: unamfanyia nani kazi? Ukikosa jibu, wewe ni mzururaji. Waingereza walikuwa na sheria ya wazururaji kwao tangu 1824, wakaipakia melini pamoja na chai na makarani, wakaisambaza kila walikotua. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Kizungu wameandika, kurasa zimepigwa mihuri, lakini getini maoni hayo hayajafika. Getini mtu mweusi anayetembea kwa miguu bila kuwa njiani kwenda kazini bado ana kesi ya kujibu. Miaka sitini na ushee ya uhuru, na bado kusimama tu ukashangaa kitu kizuri ni anasa ya mwenye ngozi fulani au funguo za gari. Hapo sioni cha kuchekesha.

Linganisha na mkuyu wa Waiyaki Way, pale Westlands. Barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mti ule mkubwa ulikuwa umepangiwa kung'olewa. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe. Mpaka leo umesimama kando ya barabara. Mti ukisimama kando ya barabara bila shughuli, unalindwa kwa amri ya Rais. Mimi nikisimama, naitiwa mkubwa wa soja.

Mikasa mingine ni midogo. Bustani ya Jeevanjee, ambayo A. M. Jeevanjee aliwapa wakaazi wa mji 1906 ili wapumzike, mwewe alishuka akanipokonya sambusa mkononi, na waliokuwa kwenye benchi wakamshangilia yeye. Karibu na Uwanja wa Nyayo korongo mmoja, ndege ambaye hujinyea miguuni ili joto limtoke, alinipoza mimi badala ya miguu. Kenyatta Avenue nilitazama juu kufuata teleka wakizunguka ghorofa. Nilipotazama chini, simu ilikuwa imehama.

Wazoefu wananiambia dawa ni kwenda kwa kundi. Tangu 1971 Fleur Ng'weno amekuwa akiwatembeza watu kila Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Taifa kwenda kutazama ndege, chini ya chama cha Nature Kenya ambacho mizizi yake ni ya 1909, na maelfu wamejifunza kwake kumtofautisha shore na kwera. Ushauri ni mzuri, na hesabu yake ni wazi: mtu mmoja akitazama mti ni mwizi, watu ishirini wakitazama mti ni chama. Lakini kwarara hatui Jumatano peke yake, na mimi Jumatano niko kazini.

Kwa hiyo jana jioni nikateremka River Road, nikanunua jaketi la reflekta, kofia ngumu na kibao cha kuandikia. Katika mji huu, mtu aliyevaa reflekta anaweza kukodolea chochote macho, hata dirisha la chumba cha kulala la balozi. Leo asubuhi nimepita Kileleshwa, darubini shingoni, na masoja wawili wamenisalimu "Injinia." Mmoja amenifungulia geti bila kuulizwa. Nilikuwa nimemnasa chozi juu ya ua la shubiri, kifua chekundu kinawaka, wakati mama mwenye nyumba alipotoka na ndoo mkononi.

"Injinia," akasema, "maji yatarudi lini?"

Sikutaka chozi aruke. Nikamwambia Alhamisi.