Nimelipia Ishirini, Naletewa Mbili

Fundi alivuta waya, akawasha kiboksi, akamaliza soda yake, akaaga. Kifurushi nilicholipia ni cha Mbps 20. Nikaanza kupakua filamu, kompyuta ikaniandikia MB 2.4 kwa sekunde. Nikampigia fundi kabla hajafika hata kituo cha daladala.

"Kijana, nimelipia ishirini, naletewa mbili!"

"Mzee wangu, gawa kwa nane."

Nikadhani ananitania. Kumbe vipimo vya kasi vina mitego yake. Naihesabu kurudi nyuma, hadi ule ulionifanya nimwombe radhi mtoto wa watu.

5. Baudi. Neno la mababu, limetokana na jina la Mfaransa wa telegrafu, Émile Baudot. Linahesabu ishara zinazopita kwa sekunde, si biti, na ishara moja yaweza kubeba biti kadhaa. Akikutajia mtu baudi leo, ama ni mhandisi ama ana modemu ya zamani kabatini. Mpe shikamoo, upite.

4. Kilo mbili zisizolingana. Kwenye kasi ya mtandao kilo ni 1,000, kama ya sukari dukani. Kwenye kumbukumbu ya kompyuta mazoea ni 1,024. Ndiyo maana diski ya TB 1 ukiichomeka kwenye Windows inajitambulisha kwa GB 931. Hakuna aliyeimega. Mwaka 1998 IEC, tume ya kimataifa ya ufundi umeme, ilitoa majina mapya ili kumaliza ugomvi: kibibaiti, mebibaiti. Jaribu kuyatamka kwa muuza vocha uone atakavyokutazama.

3. "Hadi". "Kasi ya hadi Mbps 20!" Hadi si kipimo, lakini ndiyo inayobeba tangazo zima. Tena kila kipande cha data husafiri na anwani na maelekezo yake, navyo vinakula nafasi. Ndiyo sababu sikupata 2.5 kamili. Wi-Fi nayo ikivuka kuta mbili za tofali inafika imechoka. Lakini kama kila usiku unapata nusu tu ya ulicholipia, hapo lalamika, tena kwa sauti.

2. Pipa na mpira. GB ni ujazo, Mbps ni kasi. Shemeji yangu hununua bando la GB 10 kisha anauliza mbona video inakwamakwama. Shemeji, umenunua mapipa kumi ya maji. Wembamba wa mpira ni habari nyingine. Ukitaka kuvikutanisha, chukua filamu yangu ya GB 1.5. Zidisha kwa nane: gigabiti 12, yaani megabiti 12,000. Gawa kwa 20: sekunde 600. Dakika kumi, na chai inachemka vizuri tu.

1. b na B. Huyu ndiye mfalme. b ndogo ni biti, sifuri au moja. B kubwa ni baiti, biti nane. Bibi zetu walipima nafaka kwa vibaba vinne kwenye pishi; wewe fikiria pishi ya vibaba vinane, umemaliza. Werner Buchholz wa IBM alipobuni neno "byte" mwaka 1956, aliweka y makusudi lisichanganywe na "bit". Halafu walimwengu wakayafupisha yote mawili kwa herufi ileile, wakatuachia tuhangaike na ukubwa wake! Kiswahili kina nafuu, maana biti na baiti sikio halikosei. Jicho ndilo linaloponzwa.

Kampuni za mawasiliano zinahesabu biti, na sidhani kama wauzaji wanasikitika kwamba namba inatoka kubwa mara nane. Programu za kupakulia zinahesabu baiti, kwa sababu mafaili hupimwa kwa baiti. Kila mmoja yuko sahihi, na wewe uko katikati na risiti mkononi. Lakini sisi tunaoona 7:00 asubuhi tukasema saa moja bila hata kukunja uso, kugawa kwa nane kutatushinda?

Basi bandika hii karibu na kiboksi: Mbps 20 ni MB 2.5 kwa sekunde, Mbps 50 ni MB 6.25, Mbps 100 ni MB 12.5. Ukipata karibu na hapo, mwache fundi apande daladala yake.