Kabla Hujabonyeza: Kwa Mpangaji Mpya wa Mkokotoni

Mwenye nyumba atakuonesha kisima, choo na mwembe, na mwisho kabisa, kama jambo dogo, kidude cha plastiki chenye vibonyezo. Atakiita rimoti. Usikidharau. Mita yenyewe ya umeme huenda iko juu ya nguzo na hutaigusa maisha. Rimoti ndiyo inayosemezana nayo, kupitia waya uleule wa umeme au mawimbi ya redio. Uliza betri. Ukiambiwa "zimo," fungua utazame.

Umeme wenyewe unatoka Bara, unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, kisha ndiyo unapanda kuja huku Kaskazini. Njia hiyo ilipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa bila umeme wa Bara hadi Machi 2010. Waliokuwapo hawanung'uniki kwa sababu ya tokeni, zile tarakimu za kuingizia umeme, kwa hiyo nawe usitafute wa kukuhurumia barazani.

Wageni hudhani kompyuta ya shirika la umeme inaiona mita yao. Mita ya kawaida ya TUKUZA, ile ya kulipia kabla, haionekani huko. Ukinunua, kompyuta huchukua yuniti ulizolipia na dakika uliyonunulia, ikazifunga kwa ufunguo wa mita yako peke yake, ikakurushia tarakimu 20 kwenye simu. Kutoka hapo hadi kwenye mita, waya ni wewe. Utaratibu huu ulizaliwa Afrika Kusini, na una akili: tokeni ya jirani haiingii kwako hata akikupa kwa moyo safi, na yako ukiirudia mara ya pili mita inakumbuka. Vijana wa hapa wameshajaribu, usijisumbue.

Ndiyo maana jioni utamsikia mtu diko zima, simu sikioni: "Mama, sita. Si tisa, sita! Hebu nisomee nisikie." Mama yuko kisiwani Tumbatu. Hela imetumwa na mtoto aliyeko Maskati, kompyuta imejibu palepale, na safari yote hiyo imekwama kwenye miwani. Usicheke, zamu yako inakuja. Soma nne nne, kisha nyamaza mpaka aseme "haya." Wanaosoma zote kwa pumzi moja ndio wanaolala gizani.

Sasa zile dakika. Mita nyingi za aina hii duniani zilikuwa zikizihesabu tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya hesabu ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Dawa yake ilikuwa kubadilisha ufunguo: tokeni mbili za ziada, ziingizwe kwa mpangilio, ndipo ifuate ya umeme. Tarakimu 60, kwa watu ambao 20 tu ziliwatoa jasho! Basi ukipangishwa nyumba iliyofungwa miaka, usikimbilie kununua. Uliza kwanza kama mita ilishabadilishwa ufunguo, maana isiyobadilishwa itaikataa tokeni yako mpya, nawe utagombana na wakala asiye na kosa.

Kisha kuna mita janja, zenye laini ya simu ndani. Utaambiwa ukizipata hutabonyeza tena, na ni kweli: unalipa, umeme unaingia wenyewe. Wasichokuambia ni kwamba mlango wa kuingizia ndio wa kukatia. Enzi za ankara alikuja fundi na ngazi. Ulimkaribisha kivulini, ukampa chai, ukamweleza kuna harusi Ijumaa, na mara nyingine ngazi iliondoka kama ilivyokuja. Kompyuta hainywi chai, wala haijui Ijumaa.

Wala usifurahi mnara wa simu ukizima ukadhani umepona. Mita inaendelea kuandika kila yuniti kimyakimya, na mtandao ukirudi inasema yote.