Mhadhara wa Bure Gatini Nansio

Waheshimiwa abiria, wazee wangu shikamooni, akina mama wa dagaa, vijana wa bodaboda, na wewe uliyelala juu ya gunia la udaga: itifaki imezingatiwa. Vijana, shikamoo nilizopokea ni chache mno kwa umati huu. Nitasubiri.

Marahaba.

Mimi ni Bingwa. Wa nini? Hilo ni swali la watu waliosomea kitu kimoja tu. Mimi ni bingwa wa nyota, samaki, historia na mengineyo, kama inavyoandikwa mwishoni mwa ajenda za vikao. Shahada yangu nimejitunuku mwenyewe baada ya kujisaili kwa ukali usio na huruma. Huyu kijana mwenye daftari ni Katibu wangu. Gati nimelichagua kwa sababu za kitaaluma: hadhira ambayo kivuko chake hakijafika haina pa kukimbilia.

Nasikia mnanung'unika kwamba kimechelewa. Kimechelewa kwa saa ya nani? Saa za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita jirani na Mogadishu. Sisi Nansio tuko nyuzi 33. Dunia hutumia dakika 4 kuimaliza kila nyuzi moja katika kuzunguka kwake, na tofauti yetu ni nyuzi 12. Katibu, piga hesabu. Dakika 48! Jua la Ukerewe liko nyuma ya saa zenu za mkononi kwa dakika 48, ukiongeza au kupunguza kama robo saa kulingana na majira. Ndiyo maana saa kumi na mbili kamili asubuhi bado mnapapasa viatu gizani. Na kama hamniamini, simameni uwanjani katikati ya Machi au mwishoni mwa Septemba, jua likiwa utosini barabara: kivuli chako kitaingia chini ya miguu yako kati ya saa sita na nusu na saa saba, si saa sita. Basi kivuko kikichelewa dakika 48 hakijachelewa, kinalitii jua. Kikichelewa saa nne, hilo ni suala la kiutawala, nami siingii kwenye siasa.

Kwa kweli mwenye haraka ya kufika Mwanza angezaliwa mapema kidogo. Miaka kama 15,000 iliyopita mngekwenda kwa miguu. Ziwa hili, lenye kilomita za mraba karibu 69,000, lilikuwa limekauka! Acheni kucheka. Watafiti walitoboa tope la sakafu ya ziwa, na chini ya tope wakakuta udongo wa nchi kavu wenye vijizizi vya nyasi. Hata leo ni ziwa la kina kifupi kwa ukubwa wake: hakuna mahali kina chake kinafika mita 90. Mvua iliporudi maji yakajaa, na ndani yake furu wakagawanyika hadi kufikia aina kama 500. Aina mia tano, katika muda ambao kwa mwanajiolojia ni kama kupiga chafya! Hakuna wanyama wengi wenye uti wa mgongo walioweza kasi hiyo. Kisha katika miaka ya 1950 na 1960 sangara akaletwa, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amewameza furu wengi kiasi kwamba baadhi yao sasa wako kwenye chupa za makumbusho tu.

Sasa tufike kwenye bondo. Naona mfanyabiashara pale nyuma ameinua kichwa. Ndiyo, bondo la sangara, lile linalosafirishwa hadi China na kuushinda mnofu kwa bei. Bondo ni mfuko wa hewa unaomsaidia samaki kuelea. Je, asili yake ni nini? Ni pafu. Babu wa zamani sana wa samaki hawa alikuwa na mapafu. Kwa wengine mapafu hayo yakageuka bondo, kwa wengine yakabaki mapafu. Charles Darwin alilitazama jambo hili kinyume, akadhani pafu ndilo lililotokana na bondo. Nimemsamehe. Alikuwa mbali na Nansio.

Na aliyebaki na mapafu ni nani? Kamongo! Yule mnayemdharau sokoni kwa sura yake. Kamongo mkubwa lazima apande juu kuvuta hewa. Mnase chini kwa wavu asiweze kupanda, atakufa maji. Samaki anakufa maji! Ziwa likikauka pembeni, anajifukia kwenye tope, anajizungushia ute unaokauka ukawa mfuko, analala humo miezi na miezi akingoja mvua. Sasa shikeni mabeseni yenu vizuri: kwa nasaba, kamongo yuko karibu zaidi na wewe, mzee wangu, kuliko alivyo karibu na sangara. Wote ni samaki, lakini ukoo wake ndio jirani wa ukoo uliotoka majini ukaota miguu. Nikipita sokoni humsalimia.

Hayo ya koo yana mengi, nitayapitia mbio. Mamba ana undugu wa karibu na kuku kuliko na kenge. Jamaa wa karibu kabisa wa kiboko aliye hai ni nyangumi. Na wewe uliyelalia gunia, huo muhogo unaouita chakula cha babu zetu, asili yake ni Amerika ya Kusini, kama mahindi yalivyotoka Meksiko. Machungwa yetu ya Ukerewe yalianzia Asia. Kilicho cha hapa hapa bila ubishi ni kamongo na mimi.

Historia. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alilitazama ziwa hili akiwa upande wa Mwanza, akakaa siku chache tu, hakulizunguka, hakuuona Mto Naili ukitoka, akarudi Tabora kumwambia mwenzake Burton kwamba amepata chanzo cha Naili. Burton akakataa katakata. Speke hakuwa na ushahidi wa kutosha, na alikuwa sahihi. Katika historia ya elimu ni watu wawili tu wamefaulu kwa njia hiyo, na mwingine mnamtazama.

Miaka mitano baadaye, 1863, Mfaransa Jules Verne akatoa riwaya yake ya watu watatu wanaovuka Afrika kwa puto kutoka Zanzibar. Ziwa lao waliliita kwa jina gani? Ukerewe! Baadhi ya ramani za Ulaya wakati ule zililiita ziwa zima kwa jina la kisiwa chetu. Tena katika safari hiyo wanalala usiku mmoja kwenye kisiwa kimoja humo ziwani. Kisiwa kipi? Mimi nimekwisha kuamua, na ushuru wa kulala wageni bado unadaiwa.

Nikitaja vitabu nitavua kofia kidogo, Katibu, ishike. Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa hiki aliyezaliwa 1896, alimaliza riwaya yake kuu kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakuna aliyetaka kuchapa kitabu cha lugha yenye wasomaji wachache, hivyo uzeeni akakaa chini akaitafsiri yote kwa Kiswahili kwa mkono wake. Ikatoka 1980: ni Myombekere na Bugonoka wake. Yeye akafariki 1981. Subira ya miaka 35! Mimi siiwezi, ndiyo maana kazi zangu natoa kwa mdomo. Nirudishie kofia.

Kulikuwa na Erasto Mpemba pia, mwanafunzi wa Magamba kule Tanga, ambaye mwaka 1963 aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa alipotengeneza aiskrimu. Walimcheka. Mwaka 1969 jambo hilo likachapishwa pamoja na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kama ni kweli na kwa nini. Mimi pia nachekwa. Ulinganisho muufanye wenyewe.

Maswali? Moja tu. Ndiyo, mama yangu mwenye beseni. Kwa nini dagaa wamepanda bei wiki hii? Swali zuri, ingawa umeliuliza kwa lugha nyepesi mno. Bei, mama, ni zao la mizania ya mvuke, mwelekeo wa upepo wa kusi, na hali ya... Unasemaje? Mbalamwezi? Kwamba usiku kukiwa na mwanga dagaa hawazifuati taa za wavuvi, mitumbwi inabaki ufukoni, na mzigo unapungua?

Naam. Hasa. Katibu, andika: mwezi, kama Bingwa alivyokuwa anakaribia kusema. Jina la mama si lazima.