Sifa za Mwanafunzi Asiyekaa Kitako

Katika karne ya 2, Lucian, mzaliwa wa Samosata, aliandika kwa Kigiriki risala nzima ya kumsifu nzi. Akamsifia mbawa, akamsifia ushujaa, akamsifia hata kutembea juu ya meza za wafalme na kuonja chakula kabla yao. Mwaka 1511 Erasmus wa Rotterdam akachapisha kitabu cha kuusifu upumbavu, na watu wazima wenye elimu zao wakakisoma. Nami, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Tanga, naomba nafasi kwenye msafara huo. Ninayemsifu ni mjukuu wangu wa miaka minne, ninayemfundisha nyumbani. Nakiri kwamba Lucian alikuwa na kazi nyepesi zaidi. Nzi hutua.

Mtu akisifiwa huanzwa kwa nasaba, na hapo tu nimekwama. Wa kuumeni wanasema miguu hiyo isiyotulia ni ya kwetu kuukeni. Sisi wa kuukeni tunaapa kwamba ukoo wetu wote ni wa watu wa kukaa barazani, na hata marehemu babu yake alikuwa akiitwa mara tatu ndipo ainuke. Basi miguu ile haina mwenyewe, na mtoto amebaki nayo.

Mama yake yuko Dar es Salaam, kazini. Chekechea ya jirani ilimpokea vizuri, kisha ikamrudisha kwa maneno ya adabu sana: akae kwanza nyumbani, atulie kidogo, halafu tutaona. Sikuwalaumu. Ndio nikatoa chaki zangu sandukuni.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitaka elimu ya awali iwe ya lazima kwa watoto wa kati ya miaka mitatu na mitano, kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Nimeisoma. Haisemi mwalimu asimame wapi mwanafunzi akiwa juu ya mpera. Nimejiamulia mwenyewe: chini ya tawi lile lililokauka, mikono ikiwa tayari, huku natamka ba, be, bi, bo, bu kwa sauti ya kawaida, maana ukipaza sauti anapanda juu zaidi. Naye huitikia, tena kwa usahihi. Hiyo ndiyo fahari yake ya kwanza, kwamba masikio yake hayangoji makalio yatue. Darasani tulikuwa na amri: mikono mezani, macho ubaoni. Ina sababu yake ukiwa na watoto 80. Nani atawasomesha watoto 80 mperani?

Wataalamu nao wako upande wake. Maria Montessori alipofungua shule yake ya watoto wadogo, Casa dei Bambini, katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Rome, Januari 1907, moja ya mambo aliyokuja kusifiwa nayo ni viti na meza nyepesi, ili mtoto mwenyewe aweze kuvihamisha. Dunia nzima ikamwita mwanamapinduzi. Mume wangu (ndivyo bibi anavyomwita mjukuu wake wa kiume huku kwetu, na mwenye wivu aone wivu) amekwenda mbali kumpita Montessori: kiti amekihamishia juu ya meza, na yeye amehamia juu ya kiti. Akiwa kule aliona kwamba taa ya dari ina mende wawili waliokufa. Akawahesabu. Akauliza kama ni mtu na mkewe. Nikamwambia ashuke, tutalijadili chini.

Lakini nisipoteze wino kwenye mambo madogo, maana fani yake hasa ni hesabu. Nilikusanya vizibo vya soda, nikavipanga mkekani kumi kumi kama nilivyozoea kazini. Alivitazama kwa huruma. Baada ya muda mfupi vizibo vimegeuka chapati, mkeka umekuwa hoteli, na mimi ni mteja niliyechelewa kufungua kinywa. Mume gani huyu, badala ya kuleta chakula nyumbani anamuuzia mkewe! Na anauza kwa fedha taslimu. Mtoto ambaye hataki kuniambia tano ukitoa mbili zinabaki ngapi, ukimlipa chapati tatu kwa bei ya mbili atakufuata mpaka msalani. Nikikopa, anakumbuka deni kesho yake, kabla hata ya "shikamoo bibi". Siku moja nilijitia kusahau. Akaita majirani.

Kwenye sarafu halisi ndipo nilipogundua kwamba ana nadharia yake ya uchumi. Sarafu yetu ya shilingi 500 ina picha ya nyati, ile ya 200 ina simba. Nikimpa ya 500 anairudisha. Anataka simba. Nimemweleza kwamba nyati ananunua zaidi. Kanijibu kwamba simba anamla nyati, kwa hiyo simba ana nyati ndani yake. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote na sikuwa na jibu, tena sikulitafuta kwa bidii sana, kwa kuwa kila tunapofanya biashara hiyo napata faida ya shilingi 300.

Afya nayo isisahauliwe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne ajishughulishe kwa mwili angalau dakika 180 kwa siku, na asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa wakati. Dakika 180! Mume wangu amezimaliza kabla uji haujapoa, na zinazobaki anazigawa kwa jirani bure. Mtu mzima anatakiwa dakika 150 za mazoezi kwa wiki nzima. Mimi hadi Jumatatu adhuhuri nimeshazitimiza, pamoja na kuruka ukuta mdogo wa banda la kuku, zoezi ambalo daktari wangu hakuthubutu kuniandikia. Mwongozo huohuo unasema mtoto wa umri huo alale saa 10 hadi 13. Sehemu hiyo naona bado hajaifikia katika kusoma kwake.

Nimeambiwa mara nyingi, "Mwalimu, mpe simu atulie." Ni kweli, ukimpa simu anatulia. Anatulia kiasi kwamba nainuka kwenda kumtazama kama anapumua. Mimi sitaki utulivu wa namna hiyo ndani ya nyumba yangu, ingawa siku ya kufua mashuka nimeuhitaji na nimeutumia. Tukiangalia, tunaangalia Akili and Me, kipindi kinachotengenezwa hapa hapa nchini, cha binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Akili akilala usingizi huenda katika nchi ya Lala, na huko yeye na rafiki zake wanyama hujifunza herufi na namba. Nilipolielewa hilo nilikaa kimya kwa muda. Kuna bibi huko Kilimanjaro ambaye mjukuu wake anasoma akiwa amelala! Wangu alipoona hivyo akatangaza kwamba yeye ataendelea kusoma akiwa macho.

Na anasoma. Silabi nimemchorea kwa chaki kwenye sakafu ya uani, kila moja katika chumba chake, naye anaruka kwa mguu mmoja akitaja anapotua. Ma, kisha ma: mama. Ba, bu: babu. Akitaka kuandika "kuku" inabidi aruke palepale mara mbili, na hapo kuku wenyewe hutawanyika kwa kudhani wameitwa. Ameshagundua peke yake kwamba akirudi kinyumenyume "bata" inakuwa "taba", na kwamba taba si kitu. Akanitaka nitafute mnyama wa kulivaa jina hilo. Tumemkubali panya mmoja wa stoo.

Shule zinafunguliwa Januari, na nafasi ya darasa la awali imepatikana, si kwenye ile chekechea ya jirani. Mwalimu wake atakuwa binti mdogo, mpole, aliyetoka chuoni juzi. Ameniomba nimwandikie kwa ufupi tabia za mtoto. Nimemwandikia kurasa mbili: anahesabu, anasoma silabi, ni mfanyabiashara hodari, ana hoja, ana afya njema. Kuhusu mti sikuandika neno. Nimeuliza tu, chini kabisa, baada ya sahihi, kama uwanja wa shule una mipera.